Seli Tupu

Jumatatu, 3 Machi

Umeme umekatika tena. Jioni, watu tuko mezani, bila hodi wala samahani. Mashine ya Bibi ikatoa mlio wa kuku aliyekanyagwa, kisha ikanyamaza. Hapa nyumbani naitwa Kimya, Mjomba ndiye aliyeanzisha, kwa hiyo kimya nakijua aina zake zote. Hiki cha mashine ndicho kibaya kuliko vyote.

Nieleze, ingawa hakuna atakayesoma. Bibi alikuwa mpishi wa shule. Maisha yake yote kuni, masufuria makubwa kama mapipa, na moshi. Mapafu yake yamebaki kama mifuko iliyotoboka. Mashine inavuta hewa ya chumbani, inachuja oksijeni, inampelekea puani kwa mrija. Umeme ukikatika Mama anakimbilia mtungi wa akiba. Mtungi wenyewe mdogo. Ukiisha kabla umeme haujarudi, tunampepea kwa kitabu changu cha jiografia na kukwepa kutazamana.

Mjomba alikuja. Huyu ni kaka yake Mama, na haji mikono mitupu: huja na uamuzi. Leo alisema Jumapili kutakuwa na kikao, na kikao kitakubali Bibi ahamie kwa Mama Mkubwa, ng'ambo ya mji, ghorofani, kwenye jengo lenye jenereta. Nilitaka kusema hapana. Nikasema "mm". Mjomba akaihesabu kuwa kura ya ndiyo.

Ukweli nauandika hapa tu. Bibi ndiye mtu pekee ambaye nikiongea naye maneno hayanikwami kooni. Godoro langu liko miguuni pa kitanda chake. Mashine ikivuta pumzi, nami navuta. Akiondoka nitaongea na nani? Mjomba?

Lakini nina mpango. Betri! Si ya kununua. Ya kujenga mwenyewe, kwa seli ndogondogo zilizomo ndani ya betri za kompyuta mpakato. Seli nyingi, umeme mwingi. Jumapili, katikati ya kikao, nitazima swichi kubwa ya nyumba, na mashine ya Bibi itaendelea kupumua kama vile hakuna kilichotokea. Mjomba atameza uamuzi wake bila maji.

Jumanne, 4 Machi

Baada ya shule nilikwenda kwa Fundi Kesho. Anatengeneza kompyuta. Jina lake halisi halijulikani. Ukimuuliza kazi yako itaisha lini, anakujibu kwa hilo.

Njia nzima nilifanya mazoezi ya sentensi: shikamoo Fundi, naomba betri mbovu. Shikamoo Fundi, naomba betri mbovu. Nilipofika mlangoni pakawa na wateja. Nikasema, "Shikamoo betri."

Aibu! Wateja walicheka hadi mmoja akashika meza. Fundi akaitikia marahaba kwa niaba ya betri, akanionyesha mfuko mzima pembeni, akasema nichukue zote, zinamzibia njia.

Nilipokuwa natoka aliniambia jambo. Alikunja uso, akainua kidole, ikaonekana kabisa ni jambo zito. Ila alikuwa na skrubu mdomoni. Nilichosikia ni "usi". Usi-nini? Ningeweza kumwomba arudie. Mbele ya wateja wale? Nikasema asante sana, nitazingatia.

Bibi nilimweleza mpango wote. Alifurahi, au alikohoa. Siku hizi vinafanana. Akauliza kama hiyo betri itapiga kelele kama mtoto wake, yaani Mjomba. Nikasema haitapiga kelele hata kidogo. Akasema basi ni yangu kweli, imenirithi.

Jumatano, 5 Machi

Nimepasua betri zote kwa kisu cha mboga na mkasi wa Mama. Mkasi sasa unafunguka tu, haufungiki. Nimeurudisha mahali pake ukiwa wazi.

Ndani, kumbe ni raha! Seli nono, kila moja na nguo yake ya plastiki: nyingine waridi, nyingine kijani, nyingine samawati iliyopauka. Bibi alishika moja akauliza kidonge hiki cha nani, cha ng'ombe?

Mtandaoni nimepata ukurasa wa mtu anayejenga betri za namna hii. Ni wa Kiingereza, jambo ambalo halinitishi. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari ni Kiingereza kitupu, na lugha zote mbili nazipata kwa wastani uleule. Ukurasa unasema: panga seli wima, halafu nikeli stripu. Nikeli ni aina ya chuma, hiyo naijua. Stripu nikaitafuta kwenye kamusi ya shule: vua nguo, menya, acha utupu. Basi! Nikeli stripu: zivue hadi chuma kionekane. Mwanafunzi wa lugha moja hapa angekwama.

Nimezimenya zote kwa wembe. Zimebaki fedha tupu, zinang'aa, zimefanana kama askari kwenye gwaride. Maganda nimeyajaza kwenye soksi.

Leo leo Mwalimu wa fizikia kafundisha mambo hayahaya, kama vile ametumwa. Nilitafsiri pembeni mwa daftari: mwili wote wa seli ni hasi, kuanzia kitako hadi mabegani. Chanya ni kale kakichwa tu juu. Vikigusana, moto. Niliguswa sana. Hasi mwili mzima, chanya kidogo tu kichwani, na vyote vinaishi pamoja bila kugusana. Ni mimi kabisa. Nilitaka kunyoosha mkono nimwambie Mwalimu. Sikunyoosha.

Ijumaa, 7 Machi

Jana sikuandika, nilikuwa naungua. Vidole viwili na ncha ya sikio. Sikio usiniulize.

Nimeunganisha seli. Picha za ule ukurasa zinaonyesha vipande vyembamba vya chuma vikitoka seli hadi seli. Sijui vinaitwaje, mwenye ukurasa hakujali kuvipa jina. Nimekata vya kwangu kutoka bati la maziwa. Kati ya kundi na kundi nimeweka kipande cha boksi la viatu, zisimame vizuri.

Inveta nimeikopa. Ni kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa ukutani, na kilikuwa chini ya kiti cha gari la Mjomba. Mjomba hajui kwamba amenikopesha. Alikuja jioni akinung'unika kwamba mtaa umejaa vibaka siku hizi, akanitazama, akaniambia, "Wewe Kimya, uwe unafunga geti." Nikasema "mm".

Kisha akakaa kwenye godoro langu na viatu vyake, akaanza kumweleza Bibi uzuri wa kwa Mama Mkubwa. Lifti. Dirisha kubwa. Nesi anakaa ghorofa ya chini. Bibi akauliza kama na mimi nitahamia. Mjomba akasema kule ni padogo, na Mama Mkubwa hapendi watoto wanaokodoa macho bila kusema. Sikodoi! Nilimkodolea macho.

Mjomba alipotoka Bibi alinishika mkono. Mkono wake umekuwa mwepesi, kama glavu. Akasema, "Babu," ndivyo anavyoniita nikiwa na huzuni, "nenda kasi na hiyo betri yako."

Jumamosi, 8 Machi

Inafanya kazi! Inafanya kazi! Nimewasha taa ya mezani. Nimewasha feni. Mama akiwa kazini (ni dobi wa hospitali), nimewasha pasi, ikapata moto kabisa, na betri nayo ikapata moto kabisa, kwa kushirikiana.

Tatizo moja: sura. Boksi la viatu linaonekana la kitoto. Nimetafuta kitu cha kiungwana, nikapata kopo la biskuti la bati, lenye picha ya farasi. Seli hazikuenea. Nikatoa vile vipande vya boksi vya katikati, zikaenea kama zimezaliwa humo. Nimezungushia gazeti, nikazifunga pamoja kwa tepu nyeusi. Tepu iliishia njiani. Haidhuru, sehemu iliyofungwa ndiyo nitakayoielekeza kwa wageni.

Nimeandaa na hotuba. Inaanza hivi: Wazee wangu, ndugu zangu. Inaishia hapo kwa sasa.

Nimefikiria tena ile "usi" ya Fundi Kesho. Nadhani alisema usichelewe.

Jumapili, 9 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Kikao kilifanyika chumbani kwa Bibi ili naye asikie. Mama kwenye kiti, Mjomba kwenye godoro langu, na Mama Mkubwa ambaye alibaki amesimama, mkoba kifuani, kama mtu aliyepita tu. Bibi kitandani, sweta la zambarau, mrija puani. Mashine nilikuwa nimeshaichomeka kwenye inveta, na inveta kwenye kopo la farasi, na kopo chini ya kitanda.

Mjomba alianza. Nikasimama. Nikasema, "Wazee wangu." Sauti ikakatika. Nikaenda tu nikazima swichi kubwa.

Taa zikazimika. Feni ikasimama. Mama aliruka kuelekea kwenye mtungi. Halafu akasimama katikati ya chumba. Wote walisikia. Mashine ilikuwa inapumua! Puu, sss. Puu, sss. Hapakuwa na mlio mwingine nyumba nzima.

Bibi akacheka. Akawaambia, "Mnaona?" Mama alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile. Mama Mkubwa akashusha mkoba. Hata Mjomba alifungua mdomo akaufunga. Nimeishi miaka yangu yote kumi na sita kwa ajili ya ule mdomo kufungwa.

Ingeishia hapo. Lakini Mjomba hawezi kuona kitu asikishike. Aliinama, akavuta kopo kutoka chini ya kitanda, inveta ikafuata kwa waya, akashangaa kuona ni yake, akasema aha, kumbe kibaka mwenyewe ni huyu. Kisha akainua kopo akalitikisa sikioni kama anayechagua nazi sokoni.

Nilisikia seli zikihama. Tik. Kisha sauti kama ya mtu anayekaanga.

Moshi mwembamba ulitoka masikioni mwa farasi. Niliuona mimi kabla ya wengine. Mjomba alikuwa amelirudisha chini ya kitanda na sasa anahutubia kuhusu wizi, wote wanamtazama yeye. Nilitakiwa kupiga kelele. Neno moja tu, moto. Lilikuja hadi hapa kooni likakaa.

Nikainua mkono.

Kama darasani. Mkono juu, kidole kimenyooka, nasubiri niruhusiwe. Mama Mkubwa aliniona, akaniashiria nisubiri Mjomba amalize.

Halafu ikalipuka seli ya kwanza. Kisha nyingine. Moshi haukuwa kama wa kuni. Ulikuwa mzito, mtamu, unakata koo, na ulijaa chumba kabla sijashusha mkono. Mashine ikazimika. Sikumwona Bibi. Nilimsikia. Alikuwa anavuta hewa na hewa haiji.

Mjomba alilichukua kopo kwa mikono mitupu akakimbia nalo hadi uani. Mama akambeba Bibi peke yake, mabegani, kama gunia la nguo. Mama Mkubwa alipiga mayowe ambayo ningepaswa kuyapiga mimi.

Mimi nilifungua dirisha. Niandike hilo. Nilifungua dirisha.

Jumatano, 12 Machi

Bibi yuko wodini. Amefunikwa kinyago kikubwa, haruhusiwi kuongea. Nilikwenda jana na leo. Jana nilisimama mlangoni, wodi ina macho mengi. Leo nimeingia hadi kitandani. Alinitambua, akatingisha kidole, akafumba macho. Daktari amesema mapafu yamerudi nyuma hatua ambayo hayataipanda tena. Zamani aliweza kutoa mrija akaenda chooni, akarudi akinitania. Hilo limekwisha.

Mama hajasema nami tangu Jumapili. Anafua mashuka ya hospitali ileile, na mashuka ya Bibi hayachanganyi na mengine, anayafua kwa mkono. Leo asubuhi akiwa ananipakulia aliongea, mgongo umenigeukia. Aliuliza kwa nini sikuita. Nikamwambia niliinua mkono. Akaendelea kupakua, akanipa sahani, akatoka.

Mjomba amefungwa bendeji mikono yote miwili, kama bondia. Kila anayeingia anamsifu. Shujaa! Kaokoa nyumba! Hakuna anayeuliza nani alitikisa kopo. Na kazi yangu ya wiki nzima aliitupa kwenye dimbwi la maji machafu. Nilikwenda kuangalia. Farasi ameungua kichwa, miguu imebaki.

Inveta yake nayo imekufa. Nimemwomba msamaha kwa maandishi, nikaupitisha chini ya mlango wake. Jibu alileta mwenyewe. Alisimama pale sebuleni, mikono juu kama anayesalimu amri, akaniambia, "Kimya, mjomba wako nina mikono mibovu lakini masikio mazima. Siku nyingine piga kelele, baba. Tukana hata." Sikupenda alivyosema kwa upole.

Jumapili, 16 Machi

Wamemhamisha. Kutoka wodini moja kwa moja hadi kwa Mama Mkubwa, hakupitishwa hata nyumbani kuaga. Mama alirudi kuchukua mashine na lile sweta. Sweta linanuka moshi, amelifua mara mbili, bado.

Chumba ni changu peke yangu sasa. Kwenye sakafu, mahali pa mashine, pamebaki mraba msafi. Nimelala nikiutazama. Umeme ulikatika mchana, na hapakuwa na mlio wowote wa kuku. Hakuna aliyekimbia popote. Mama aliendelea kushona kifungo.

Nimefungua kamusi, sina la kufanya. Stripu ina maana ya pili, upande wa nyuma wa ukurasa: ukanda mwembamba, utepe. Nikeli stripu, utepe wa nikeli. Kumbe ndilo jina la vile vipande vya kwenye picha!

Nikafikiri vizuri, kwa uaminifu. Je, nilikosea? Nimepima pande zote. Hapana. Nilizivua nguo, na tepe pia niliziweka, za bati la maziwa. Nilitimiza maana zote mbili! Yule wa kwenye ukurasa alitimiza moja tu. Kosa lilikuwa kopo. Na kutikiswa.

Jumapili, 23 Machi

Nimeruhusiwa kwenda kumwona. Mabasi mawili na lifti. Mama Mkubwa alifungua mlango nusu, akakagua begi langu la shule, akakuta vitabu, akanipisha.

Bibi yupo karibu na lile dirisha kubwa. Amekuwa mdogo. Mto umemzidi. Mashine yake ipo, na sasa mrija hautoki mchana wala usiku. Sauti imerudi kidogo, ya kunong'ona, neno, pumzi, neno, pumzi. Nilisogeza kiti. Maneno yangu yalikuja yote, kama zamani. Nikamwambia samahani. Nikamweleza kila kitu, na stripu, na seli zilivyokuwa zinang'aa.

Alisikiliza. Kisha akauliza, kwa vituo, kwa nini nilizivua nguo.

Nikasema kamusi ilisema hivyo. Na zilipendeza.

Bibi akasema, "Babu. Hata mimi... ukinivua sweta... nitapiga kelele."

Tukacheka, yeye kwa mabega tu. Mama Mkubwa akachungulia. Bibi maskini, umeme hauelewi, lakini utani wake haujaguswa.

Wakati wa kuondoka hakuniachia mkono. Alinong'ona kwamba huku mashine haizimiki kamwe, na anakumbuka jinsi tulivyokuwa tukimpepea. Nilitoka hadi kwenye lifti nikalia humo, ikapanda na kushuka na mimi.

Chini, mlinzi wa jengo alikuwa analalamika kwa mtu kwamba jenereta ina uzee, siku yoyote itagoma. Siku yoyote! Nilisimama pale kama niliyepigwa msumari. Hakuna aliyemwambia Bibi. Hakuna mwenye mpango.

Nimepitia kwa Fundi Kesho. Safari hii hakukuwa na wateja, nikasema shikamoo Fundi bila hitilafu. Ana betri za mashine za kutobolea kuta, seli zake zina nguvu kuliko za kompyuta. Amenipa mfuko. Aliongea tena akiwa na skrubu mdomoni, tena akainua kidole, na tena nilisikia "usi" tu. Nimetafakari basini. Nimeelewa hatimaye. Usikate tamaa.

Kwa hiyo hakuna kikao, hakuna hotuba, wala Mjomba hatapata cha kutikisa. Mama Mkubwa anakagua sehemu ya juu ya begi tu, vitabu akiviona anatosheka. Jumapili ijayo nitaipitisha betri mpya chini ya vitabu, niisukume polepole chini ya kitanda cha Bibi, karibu na ukuta, imsubiri. Hata yeye sitamwambia.

Nimeshaanza kuzimenya. Kamusi siihitaji tena.